Mtani Aliyemwiga Mume Wangu

Simpendi yule mzee, na nianze hapo ili asije mtu akasoma mpaka katikati akadhani nauma na kupuliza. Kijiji kizima cha Mitole kinampenda. Ukitaja jina lake watu wanaanza kucheka kabla hujasema amefanya nini. Mimi jina silitaji, na alizaliwa wapi au ni mtoto wa nani sisemi pia, maana waliomzaa hawana kosa. Ukoo wake na ukoo wa mume wangu ni watani tangu huko milimani Kipatimu walikotoka wote, na kazi hiyo ya utani aliifanya kwa bidii kuliko alivyolima shamba lake. Basi nitamwita Mtani.

Mtani ana ruhusa ambazo hata mume hana. Anaingia jikoni kwako bila hodi na kufunua sufuria. Anakuita mchawi mbele ya wageni wako. Akimtaka jogoo wako anamchukua, na wewe ukinuna, kosa ni lako, unatozwa faini. Nikiwa kwetu Lindi mjini, kabla sijaolewa, nilizisikia habari hizo nikaziona za kuchekesha. Nilipofika Mitole nikiwa mke wa mtu ndipo nilipojua ukali wake. Siku ya harusi yangu yule bwana alikaa mlangoni akiwaambia wageni wasile pilau, kwamba bibi harusi amelitemea mate. Watu walikula huku wamekufa kwa kicheko.

Alikuwa mrefu, mkavu, masikio yametoka nje, na mfukoni hakukosa kipande cha muhogo mbichi alichotafuna kutwa. Alicheka bila sauti, mabega tu yakipanda na kushuka. Viatu alivaa msibani peke yake. “Huko ndiko kuna watu,” alisema, “shambani nimvalie nani?” Swala haikumpita. Kwa wasio watani wake alikuwa mpole hadi kuchosha, atakuuliza hali ya kila mtu nyumbani mpaka paka, ataitikia kila jibu kwa alhamdulillahi, halafu aende zake. Lakini ole wako ukiwa wa ukoo ule, au umeolewa huko kama mimi.

Mimi ni mwalimu wa darasa la awali, hao ambao watu huwaita vidudu. Nimekaa nao kiasi cha kutosha kujua jambo moja kuhusu vichwa vyao, kwamba havichukui unachowafundisha, vinakuchukua wewe mwenyewe. Nina tabia ya kupuliza chaki kabla ya kuandika ubaoni. Haina maana yoyote, na sijui niliipata wapi. Kila mwaka darasa langu lote hupuliza chaki. Herufi wanakosea, moja wanaigeuza kushoto na nyingine wanaisahau kabisa, lakini kupuliza hakuna anayekosea. Mkaguzi mmoja aliwahi kuniuliza kama hiyo ndiyo mbinu mpya. Nilimjibu kwamba hao ni watoto tu, akaandika kitu akaondoka.

Mtani alilijua hilo bila kusomea popote, na ndicho kinachoniudhi zaidi. Alikuwa na usemi wake: “Mtoto hafundishwi, Mwalimu. Mtoto mwizi. We weka kitu mbele yake ujifanye huoni.” Nilimwona mara nyingi akifanya. Alichuchumaa mpaka macho yake yakalingana na macho ya mtoto, akanyanyua nyusi, akangoja mtoto amtazame barabara, kisha akafanya jambo moja tu na kunyamaza. Hakurudia wala hakusahihisha. Kesho yake mtoto alikuja nalo limekamilika. Mimi na karatasi zangu za mafunzo nilikuwa natumia wiki nzima kuwafundisha wimbo wa mikono.

Kipaji chote hicho alikitumia kwa upuuzi. Watoto wa upande wake wa kijiji, ambao ndio kwanza walikuwa wanaanza kutamka, aliwazoesha kwamba mkubwa akipita waseme “Marahaba!” kwa sauti kubwa, halafu wamtazame wakingoja. Mwenyekiti wa kijiji alipita na baiskeli yake akapokewa hivyo na vitoto vitatu vimejipanga kando ya njia. Mzee wa watu alisimama, akatazama nyuma yake, halafu, sijui ni nini kilimpitia, akasema, “Shikamoo.” Kijiji kilicheka mwezi mzima. Watoto hao walipofika darasani kwangu nilipoteza muhula wote kuwarudisha kwenye adabu.

Hilo unaweza kusema ni mzaha. Lakini palikuwa na bibi mmoja, naye wa ukoo ule ule wa mume wangu, aliyekuwa akimlea mjukuu wake wa miaka miwili. Mtani alimfundisha mtoto kumwambia bibi yake, “Unanuka mkojo.” Siku nzima alimpa neno hilo pamoja na kicheko, neno na kicheko, mpaka mtoto akaona hakuna neno tamu duniani kuliko hilo. Akaenda kulimwaga kwa bibi yake huku anatabasamu. Bibi yule kweli alikuwa na shida hiyo na aliificha. Alilia. Mtoto alipoona bibi analia naye akalia, kwa sababu hakuelewa zawadi yake imeharibikia wapi. Mtu mzima anajua utani una mipaka, nani kwa nani na wapi. Mtoto wa miaka miwili anajua neno tu, na sura ya aliyempa.

Asubuhi iliyofuata Mtani alimpelekea yule bibi mzigo mkubwa wa kuni, akaupanga uani, akapasua na vile vigogo vigumu. Hakuomba radhi. Ndivyo alivyokuwa, anakuvunja kwa mdomo kisha anakuja kukubebea mzigo, na wewe unabaki hujui umchukie kwa mkono upi.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike.

Mume wangu alikuwa fundi baiskeli. Alikuwa mtu wa mwili, kifua kipana, akiingia chumbani unajua kuna mtu ameingia. Mguu wake wa kushoto aliuvunja utotoni alipoanguka kutoka kwenye mkorosho, ukaungwa vibaya, basi alichechemea kidogo, kiasi ambacho mimi niliacha kukiona baada ya mwaka wa kwanza wa ndoa. Kisha ini likamshika. Katika miezi ile ya mwisho alikonda mpaka suruali zikawa hazikai kiunoni, akawa anatembea ameishika kwa mkono mmoja. Kila akitaka kusema lazima kwanza asafishe koo, mara mbili, tatu, ndipo neno litoke. Mume wangu alifariki wakati mtoto wetu Somoe hajafikisha miaka mitatu.

Watani walikuja, kama ilivyo ada. Walichimba kaburi, walichota maji, walipika. Mtani mwenyewe alishika jembe tangu alfajiri na hakumpa mtu. Halafu akaoga, akavaa viatu vyake, akaingia chumbani kwangu bila kuniuliza, akatoka amevaa shati la mume wangu na suruali yake ile iliyokuwa imempwaya. Akaishika kiunoni kwa mkono mmoja. Akasafisha koo mara mbili, tatu. Akaanza kuchechemea mbele ya waombolezaji akisema, “Hebu tuone, hebu tuone,” kama mume wangu alivyokuwa akiwaambia wateja. Msiba wetu ndivyo ulivyo, marehemu anatembezwa mara ya mwisho ili watu wapumue. Watu walicheka. Mama mkwe wangu alicheka machozi yakimtiririka. Mimi nilikuwa nimejifunika kanga, na nilimwona kupitia upenyo wake, na niliona jinsi alivyompata. Alimpata sawasawa. Alimpata mgonjwa wangu.

Somoe akachomoka mikononi mwa shangazi yake. “Baba!” Alikimbia akaukumbatia ule mguu. Hapo mtu mwenye haya angevua lile shati. Yeye alisafisha koo, akamnyanyua, akasema, “Hebu tuone.” Na mtoto akacheka kwa mara ya kwanza tangu baba yake apelekwe hospitali.

Utani wa msiba unaishia makaburini. Kila mtu anajua hivyo. Lakini kesho yake jioni, wakati wa kula, Mtani alikuja kwangu anachechemea, ameshika suruali yake mwenyewe isiyokuwa na shida yoyote. Na kesho kutwa. Na hata baada ya arobaini. Somoe akawa anamngoja mlangoni. Akikataa chakula, Mtani alisafisha koo na mtoto akala. Akilia usiku, Somoe aliniambia, “Ngojea Baba aje kesho.” Nilipomwuliza Mtani anadhani anafanya nini, alitoa muhogo mfukoni akautazama.

“Mtoto huyu atasahau, Mwalimu,” alisema. “Kichwa cha umri huu ni chekecheke. Ukitia kitu mara moja kinapita chini. Mi nachota tena kila siku.”

“Unachota nini?” nikamwuliza. “Huyo unayemwiga hakuwa mume wangu. Huyo alikuwa maradhi.”

“Mtoto alimwona huyo huyo,” akajibu, na akaenda kucheza na mtoto.

Nisiwe mwongo, katika kipindi hicho alipalilia ufuta wangu bila kuombwa. Makuti yalipovuja aliyabadilisha. Somoe alipopata homa kali, mimi nikiwa mjini Masoko kwenye semina, yeye ndiye aliyembeba mgongoni mpaka zahanati na kukaa naye mpaka niliporudi. Kikombe cha chai tu ndicho alichopokea, tena akikisema kwamba nimekiosha kwa maji ya bata. Ungekuwa wewe ungemfukuza vipi mtu kama huyo? Wema wake ulikuwa umenifunga mdomo, na nadhani nilimchukia kwa wema ule zaidi ya kwa matusi.

Kwa kuwa sikuwa na wa kumwachia, nilimchukua Somoe darasani kwangu mapema. Siku moja tulikuwa uwanjani, nawaambia watoto watembee kama bata, watembee kama chura, halafu watembee kama mtu wanayempenda. Wengi walitembea kama mama zao, ndoo kichwani. Somoe alishika sketi yake kiunoni kwa mkono mmoja, akasafisha koo, akaanza kuchechemea. Watoto wenzake walipiga makofi. Nilidhani ni mchezo na utaisha kengele ikilia. Haukuisha. Alirudi nyumbani anachechemea. Akaamka anachechemea. Baada ya wiki mbili nilimpeleka zahanati, daktari akamkunja goti, akamnyoosha, akamkimbiza koridoni, akasema mguu ni mzima kabisa.

Na ulikuwa mguu wa kulia. Mume wangu alichechemea wa kushoto. Nilimvizia Mtani jioni ile alipoingia, nikauangalia mguu badala ya sura, na kweli, yeye alikuwa akiuburuta wa kulia. Nadhani aliujifunza kwa mume wangu wakiwa wamekabiliana, mmoja huku na mwingine kule. Ndivyo inavyotokea hata darasani kwangu: nikiwaelekea watoto nikainua mkono wa kulia, wao huinua wa kushoto, na wana hakika tunafanana. Basi mwanangu, aliyezoea kumfuata Mtani kwa nyuma, hakurithi kitu kwa baba yake. Alichukua kosa la mtu mwingine, akaliweka mwilini mwake, akaliita Baba.

Nilikuwa na video moja fupi kwenye simu. Mume wangu yuko kwenye kibanda chake kabla ya kuugua, shati limekaza kifuani, anazungusha gurudumu kulitazama kama limenyooka, anasema, “Haya, hilo limekaa.” Nilimkalisha Somoe mapajani nikamwonyesha mara nyingi.

“Nani huyu?” nikamwuliza.

“Fundi.”

“Huyu ni Baba. Mtazame. Baba yako huyu.”

Akanitazama mimi, si simu. Niliona ananihurumia. “Mama, Baba hayumo kwenye simu,” akasema. “Baba anakuja saa ya kula.”

Siku hiyo nilimngoja Mtani mlangoni. Sikumwamkia. Nilikuwa nimeacha kumwamkia muda mrefu, silaha yangu ilikuwa hiyo moja, na yeye aliichukua kama utani mzuri. Nilimwambia asikanyage kwangu tena kwa mwendo ule, aje kwa miguu yake au asije kabisa.

“Umeninunia?” akaniuliza, jicho moja amelifumba.

“Nimekununia. Nimekuchukia. Andika popote unapotaka.”

“Eee! Mwalimu amenuna!” akapaza sauti njia nzima. “Jamani, kuku huyo!”

Nilidhani wazee wa ukoo wa mume wangu wangenielewa. Nilienda mwenyewe kwenye kikao chao, nikawaeleza habari za mguu, zahanati na simu, nikaeleza taratibu kama ninavyomweleza mzazi mgumu. Walinisikiliza kwa heshima. Nilipomaliza, mkubwa wao akamtazama Mtani, Mtani akasafisha koo mara mbili, tatu, na kikao kizima kikaanguka kwa kicheko. Mkubwa alifuta macho. “Mama Somoe,” aliniambia, “mtoto amefiwa, mtu anamchekesha, wewe unashtaki? Mtani hanuniwi. Toa kuku tule.” Nikatoa kuku, na nikampika mimi mwenyewe, uani kwangu. Mtani alikula paja, Somoe amekaa miguuni pake akipokea vipande kutoka mkononi mwake. Kila tonge alilomlisha nililihesabu kuwa jiwe.

Niliomba uhamisho kwenda Lindi mjini. Ulichelewa, na ulipotoka Somoe alikuwa ametimiza miaka mitano. Asubuhi ya kuondoka watu walikuja kutuaga, na Mtani alikuja amevaa viatu. Sikupenda kuviona. Hakutania mtu. Alisimama mbali kidogo mpaka gari lilipowashwa, ndipo akashika suruali kiunoni, akaanza kulifuata gari anachechemea, mkono mmoja juu, vumbi lote likimwingia mdomoni. Somoe alikuwa anapiga kelele nyuma ya kioo. Nilimvuta nikamfunika uso kwa kanga yangu mpaka tulipopita kona, na ningelazimika kufanya tena ningefanya tena.

Lindi ilinisaidia. Hapakuwa na mtu wa kuchota. Mguu wa Somoe ulinyooka wenyewe, kwanza shuleni, kisha nyumbani. Mkono ukatoka kiunoni. Kusafisha koo ndiko kulikokawia, nako kukaisha. Alipokuwa darasa la pili, mtu akimwuliza habari za baba yake, alijibu kwa adabu, “Alifariki nikiwa mdogo.” Mimi nilijaza pale palipobaki wazi. Nilimweleza kifua chake, kazi yake, jinsi wateja walivyomwamini. Alinisikiliza vizuri. Alikuwa mwanafunzi mzuri.

Kiangazi kilichopita tulikwenda Mitole, wakwe zangu walitaka kulijengea kaburi la mume wangu. Somoe ana miaka tisa sasa. Shughuli ilipokwisha mama mkwe akasema si vizuri kuondoka bila kumwona Mtani, anaumwa, hatoki. Nikasema twende, lakini hatukai.

Tulimkuta barazani kwake kwenye mkeka, miguu imevimba, masikio yamezidi kuwa makubwa kwa jinsi uso ulivyopungua. Wakweze, wake za wanawe, walikuwa wanachambua mchicha kando yake. Somoe alimwamkia, “Shikamoo, babu,” na yule mzee akaitikia marahaba kama mtu mwingine yeyote. Mimi niliketi ukingoni mwa baraza nikatazama njia.

“Unanikumbuka?” akamwuliza.

“Nakukumbuka.”

“Na baba yako?”

Somoe alifikiri. Ni mtoto anayefikiri kabla ya kujibu. “Hapana, babu.”

“Hata kidogo? Hata alivyokuwa anatembea?”

“Hata kidogo.”

Mtani aliweka mikono sakafuni, akajaribu kusimama. Nilijua anachotaka kufanya na sikumsaidia. Aliikamata nguzo ya baraza, akainuka nusu, akasafisha koo, na koo likageuka kikohozi ambacho hakikutaka kwisha. Wakweze wakamketisha. Somoe alikuwa amemkazia macho muda wote huo. Kisha akatabasamu, akaruka chini uani, akayavuta masikio yake yakatoka nje. Akatafuna kitu kisichokuwepo. Akachuchumaa mbele ya kuku aliyekuwa anapita, akanyanyua nyusi, akangoja mpaka kuku amtazame. Halafu akacheka bila sauti, mabega yakipanda na kushuka. Alikuwa Mtani mtupu, kuanzia kisigino. Wakwe wale waliangusha mchicha kwa kicheko, mmoja akasema, “Yallah, huyu Baba kabisa!”

Mtani hakucheka. Aliangalia mpaka mwisho. “Umeniiba mimi,” akasema polepole. “Mi nilikuwekea baba yako, we ukaniiba mimi.”

Ungetegemea nifurahi. Nilitaka yule mgonjwa atoke kichwani kwa mwanangu, ametoka. Lakini alipotoka hakuacha nafasi kwa mume wangu. Katika utoto wote wa mwanangu amebaki mwanaume mmoja, na ni huyu hapa, na muhogo wake. Sijawahi kumchukia kama nilivyomchukia dakika ile, mgonjwa na miguu yake imevimba vile. Nilisimama nikachukua kikapu changu.

“Mwalimu,” akaniita. “Mi siwezi tena. Umebaki wewe.”

Nikatoka bila kumuaga. Mama mkwe alibaki akimtengenezea mto.

Tulikuwa tumeshafika njia kubwa, Somoe mbele, mimi nyuma, aliposimama akageuka.

“Mama, Baba alikuwa anachekaje?”

Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Mtani hakukiiga kicheko hata siku moja, kwa sababu katika miezi ile aliyoiiga yeye mume wangu hakuwa anacheka. Nikaanza kueleza. Nikasema alikuwa anacheka sana, alikuwa na kicheko kikubwa, watu walikuwa wakikisikia kutoka mbali. Somoe akanitazama vile wanavyonitazama darasani ninapoeleza kitu badala ya kukifanya.

Nikaweka kikapu chini. Nikasimama katikati ya njia, mwalimu mzima, nikatanua kifua, nikaanza kwa kukoroma kidogo puani, kama anajizuia, kisha nikakiachia chote, kikapanda, kikakatika ghafla, nikajipiga paja. Mtu aliyekuwa akipita na pikipiki aligeuza shingo mpaka nusura aingie majanini.

Somoe hakucheka. Alikuwa ananitazama mdomoni. Akatanua kifua chake kidogo, akajaribu.

“Hapana,” nikamwambia. “Kinaanzia puani. Nitazame tena.”